Sauti ya Upande wa Kulia

Mashine yenyewe nilipewa na mteja. Mimi ni fundi cherehani, nashonea mtaa wa Rhonda, na mwaka juzi nilimshonea mama mmoja wa kule Bahati mapazia ya nyumba nzima. Siku niliyoenda kuyatundika alinivuta hadi chumba cha wageni, akainama, akatoa katoni chini ya kitanda. Mwanawe alikuwa ameileta kutoka ng'ambo, akaiunganisha, akaionyesha familia kwa dakika kumi, kisha akarudi alikotoka. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuigusa.

"Nimekuona vile unaangalia redio yangu," akaniambia. "Wewe ni mtu wa vifungo. Beba hii kabla panya hawajaifanya nyumba."

Nilipofika kwangu nilifungua katoni mezani, juu ya vitambaa vya sare za shule. Ndani mlikuwa na mashine nyeusi, pana, nzito kama kichwa cha cherehani. Upande wa kushoto ilikuwa na mlango wa kaseti za video, zile kubwa za zamani. Upande wa kulia ilikuwa na trei ya diski. Kulikuwa na rimoti yenye vifungo vingi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja, nyaya tatu zilizoshikana, na kitabu cha maelezo ambacho bado kilikuwa kwenye plastiki. Ukurasa wa pili wa kitabu hicho ulisema kwamba mashine hii inacheza kaseti, inacheza diski, na tena inaweza kuchukua kilicho kwenye kaseti na kukiandika kwenye diski.

Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Halafu nikaita, "Mama! Mama, njoo!"

Mama anaishi nami. Ana zaidi ya miaka sabini, na siku hiyo alikuwa nje akichambua kunde. Alikuja na karai lake mkononi akidhani nimejidunga sindano.

"Kaseti yako iko wapi?" nikamuuliza.

Hakuuliza kaseti gani, maana tunayo moja tu.

Nilipokuwa darasa la sita, kwaya ya kanisa letu iliingia mashindano yaliyofanyika katika ukumbi mmoja hapa mjini. Mama ndiye aliyekuwa akiongoza. Katika wimbo wa pili alikuwa na kipande cha kuimba peke yake, bila ngoma wala kinanda, na watu waliokuwepo walikisimulia kwa miaka. Mtu alikuwa ameajiriwa kupiga video, na baadaye kila mwanakwaya aliyetaka alipata kaseti yake. Sisi tuliicheza mpaka majirani wakazijua nyimbo zote. Kisha deki yetu ya zamani ikaharibika, fundi akasema vipuri havipatikani tena, na mama akaifunga kaseti kwa kitambaa cha leso, akaiweka chini ya nguo zake. Muda mrefu ulikuwa umepita bila mtu yeyote kati yetu kuiona wala kuisikia.

Kulikuwa na jambo moja lililoshikamana na kaseti hiyo. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, akibadilisha njia za treni pale stesheni. Mwenyewe hakuwa mtu wa nyimbo. Kanisani alikuwa akifungua kitabu cha nyimbo na kufunga mdomo. Siku ya mashindano alikuwa zamu, na mama alikuwa amemwomba afanye kila awezalo afike angalau kwa kile kipande chake. Jioni baba alisema alifika. Mama akasema hakufika, maana aliangalia mlangoni kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho na hakumwona. Baba akasema tena alifika. Mama akamwambia usinidanganye mbele ya watoto. Jambo hilo halikuwavunjia nyumba, la, waliishi vizuri mpaka baba alipofariki. Lakini kila tulipocheza kaseti, kipande chake kilipoisha, mama alisema, "Na hapa ndipo baba yenu alikuwa stesheni anachunga treni." Baba alikuwa anakohoa kidogo, anatoka nje.

Kwa hivyo nilikuwa na mashine na kaseti. Kilichobaki ni kuelewa kitabu.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na hakinipigi chenga kwa mambo ya kawaida, lakini kitabu hiki kilikuwa na lugha yake. Mwishoni kulikuwa na kurasa sita za maneno na maana zake, na zile maana nazo zilihitaji maana. Nilichukua daftari ninaloandikia vipimo vya wateja, nikaligeuza, nikaanza kuandika kwa upande wa nyuma, kwa Kiswahili changu mwenyewe. Siku za kwanza nilikuwa nikisoma neno moja asubuhi kabla ya kufungua duka, kisha naliwaza huku nikishona.

Na yalianza kufunguka! Siwezi kueleza raha niliyopata. Kulikuwa na alama nne za kuchagua wakati wa kurekodi: XP, SP, LP na EP. Nilifikiri ni aina za diski. Kumbe ni diski ileile, ila ukichagua ya kwanza unapata saa moja ya picha safi sana, na ukichagua ya mwisho unapata saa sita za picha iliyofifia. Karibu na hapo kulikuwa na neno "bit rate", na maelezo yake yalikuwa marefu na makavu. Nilikuwa napiga pindo la sketi wakati liliponiingia akilini. Mshono mfupi unakula uzi mwingi lakini unashika vizuri. Mshono mrefu unaokoa uzi lakini ukivuta unaona mapengo. Bit rate ni idadi ya mishono kwa kila sekunde. Nilisimamisha cherehani nikacheka peke yangu, na mteja aliyekuwa akingoja akaniuliza kama nimepata habari njema.

"Nimepata," nikamwambia.

Mama naye akaingia kwenye masomo. Nilimsomea kwamba kwenye diski, "title" si jina, ni rekodi nzima tangu unapowasha hadi unapozima, na hiyo rekodi inagawanywa vipande vinavyoitwa "chapter".

"Si hiyo ni Biblia tu," mama akasema. "Title ni kitabu, chapter ni sura. Unataka Yohana, unataka sura ya tatu, unaenda moja kwa moja. Kwa kaseti lazima uanze Mwanzo."

Niliandika hivyo hivyo kwenye daftari.

Jumamosi moja alasiri tukaunganisha. Televisheni yetu ilikuwa ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, na nyuma yake ilikuwa na matundu mawili tu: moja la manjano la picha, na moja jeupe la sauti. Nyaya za mashine zilikuwa tatu: wa manjano, mweupe na mwekundu. Niliingiza wa manjano na mweupe. Mwekundu haukuwa na pa kwenda, nikauacha uning'inie. Mama alileta kaseti, nikaisukuma mlangoni, mashine ikaivuta yenyewe kwa sauti ya chini kama mtu anayemeza.

Picha ilitetemeka, ikatulia. Walikuwa hapo! Wote, na sketi zao za buluu na vitambaa vyeupe kichwani, vijana ajabu. Mama alikuwa wa pili kutoka kushoto, mwembamba, shingo ndefu. Na sauti! Sikuwa nimewahi kuisikia kaseti hiyo ikiwa safi namna ile. Katika deki yetu ya zamani kwaya ilikuwa kama inaimba ndani ya ndoo. Sasa niliweza kutenganisha sauti ya tatu na ya nne. Kipande cha mama kilipofika, nyumba ilijaa. Niligeuka kumtazama, nikitarajia furaha, nikamkuta amekunja uso.

"Mtu wa kikohozi yuko wapi?" akauliza.

"Mtu gani?"

"Hapa, kabla sijaanza, kuna mtu anakohoaga. Kila mara. Kho, kho, halafu mimi naingia. Nimemsikia miaka yote nikidhani ni mtu wa kamera. Leo hayuko."

Nilirudisha nyuma. Kweli. Kulikuwa na kimya kitupu, kisha sauti yake. Na mimi pia nilikumbuka: kho, kho, na kitu kama mnong'ono, halafu wimbo. Tulirudia mara nne. Mtu wa kikohozi alikuwa ametoweka.

Jumatatu nilienda kwa fundi wa redio, mwanamume wa rika langu aliye na kibanda njia ya Kaptembwo, ambaye pia ndiye anayesimamia vipaza sauti kanisani kwetu. Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku akiendelea kuchomelea waya.

"Hiyo ni mashine ya maana, madam," akasema. "Inasafisha. Imetoa kelele."

"Itatoaje kikohozi na kuacha wimbo?"

"Inajua."

"Fundi, nimesoma kitabu chote. Hakuna mahali kimesema inajua kikohozi."

Hapo akaweka chini chuma chake. Akataka kuona kitabu, na nilikuwa nacho kwenye mkoba. Alifunua polepole, akafika kwenye ukurasa wa sauti, akasoma kwa kidole. Mara akapiga meza.

"Ngoja! Hii yako ni hi-fi. Deki yenu ya kitambo ilikuwa hi-fi?"

"Sijui."

"Haikuwa. Sikia sasa." Alichomoa kaseti moja kuukuu kwenye rundo lake, akafungua mlango wake mdogo, akanionyesha utepe mweusi. "Kwa hii tepu sauti imewekwa mara mbili. Hapa pembeni kabisa kuna mstari mwembamba. Hiyo ni mono, kila kitu kimechanganywa pamoja, chai na maziwa na sukari. Deki za kawaida zinasoma hiyo tu. Lakini kama mtu wa video alitumia mashine nzuri, kuna sauti ingine imelazwa huku katikati, chini ya picha yenyewe. Hiyo ndiyo hi-fi, na hiyo iko mbili: kushoto peke yake, kulia peke yake. Hiyo ndiyo stirio. Ilikuwa kwa kaseti yenu siku zote. Ni vile hamkuwa na kitu ya kuisoma."

"Na kikohozi?"

"Watu wa video wa wakati huo walikuwa wanaweka maiki moja mbele kwa waimbaji, na ingine juu ya kamera, kushika vigelegele vya watu. Moja inaenda kushoto, ingine inaenda kulia. Waya mweupe ni kushoto. Ule mwekundu umeuweka wapi?"

"Unaning'inia."

"Basi mtu wako wa kikohozi ananing'inia na yeye," akasema, na sote wawili tukacheka kama wehu.

Akanionyesha kifungo kwenye picha ya rimoti, kimeandikwa "Audio". Ukikibonyeza mara moja unapata kushoto tu, mara ya pili kulia tu, mara ya tatu zote mbili. Hata kwa televisheni yenye tundu moja ningeweza kusikia upande ninaotaka. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani nusu natembea nusu nakimbia, nikipita wateja wangu wawili barabarani bila kuwasalimu. Baadaye niliwaomba msamaha.

Mama alikuwa sebuleni.

"Tunaenda kusikiza upande wa kulia," nikamwambia, nikitweta.

"Kulia gani? Ya machozi ama ya mkono?"

"Ya mkono, mama. Keti."

Niliipeleka kaseti mpaka mwisho wa wimbo wa kwanza, nikabonyeza kifungo mara mbili. Juu ya skrini ikatokea herufi R. Papo hapo kwaya ikaenda mbali, kana kwamba mtu amefunga mlango kati yetu nao, na kilichokuja karibu kilikuwa ukumbi. Viti vikiburutwa. Mtoto akilia. Mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba kwaya iliyotangulia ilikuwa na viatu vizuri. Kisha, karibu kabisa, kama mtu aliyekaa kwenye kochi letu: kho, kho.

Na sauti ya mwanamume ikasema, "Boss, usihamishe kamera. Ngoja kidogo. Sasa anaanza."

Mkono wangu ulibaki hewani na rimoti.

"Nani anaanza?" sauti nyingine ikauliza, bila shaka ya mpiga video.

"Huyo wa pili kutoka kushoto. Mama watoto wangu."

Mama aliweka mikono yote miwili magotini. Kwa mbali, kutoka ule upande mwingine, sauti yake ya ujana ikapanda peke yake, na sisi tukiwa tumesimama, kwa masikio, karibu na baba nyuma ya kamera. Halafu nikasikia kitu nilichokuwa sijawahi kusikia maishani mwangu. Baba alikuwa anaimba. Hakutamka maneno, ilikuwa mvumo tu wa chini, mdomo umefungwa, akifuata besi ya wimbo huo, na hakukosea hata mara moja. Alikuwa ameujua wote. Lazima alikuwa ameusikiliza mama akiufanyia mazoezi jikoni kwa wiki nyingi.

Kipande kilipokwisha, watu wakapiga vigelegele mpaka sauti ikakwaruza. Katikati ya kelele hizo baba akauliza, "Umemshika? Umemshika vizuri?"

"Nimemshika, mzee."

"Haya. Wacha nirudi stesheni kabla sijaulizwa." Na viatu vizito vikaondoka, ko, ko, ko, mpaka vikapotea.

Nilisimamisha kaseti. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kukimbia nje niwaambie majirani wa ploti yetu nzima. Nilimtazama mama.

"Rudisha," akasema.

Nilirudisha. Tukasikiliza tena. Mara ya tatu alianza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni, akijipangusa macho kwa kona ya leso.

"Nyuma ya kamera!" akasema. "Mimi nimeangalia mlango mpaka macho yakauma, kumbe mtu yuko nyuma ya kamera. Na ile taa ya kamera ilikuwa inanipiga usoni, ningemwona namna gani? Kwa nini hakuniambia alikuwa hapo?"

"Alikuambia alifika, mama."

"Alisema alifika. Hakusema nyuma ya kamera." Akaikunja leso magotini. "Nilimwambia ni mwongo. Mbele yenu." Kisha akainua kichwa. "Na anaimba! Mzee huyu! Miaka yote ananiacha niimbe peke yangu kanisani, na besi anayo!"

Alikasirika kweli kweli kwa jambo hilo, na alifurahi kweli kweli, vyote kwa wakati mmoja, na kwa saa nzima alizunguka nyumba akimsema baba kama mtu aliyetoka tu kununua maziwa.

Dada yangu mkubwa anaishi Mai Mahiu, ana kibanda cha chai na chapati kando ya barabara wanaposimama madereva wa malori. Niliamua kwamba lazima asikie, na si kwa simu. Nilinunua diski mbili za aina ya R. Kitabu kilikuwa kimenionya kwamba RW inaweza kufutwa na kuandikwa tena, lakini R ikishaandikwa imeandikwa, kama kitambaa kilichokwisha kupitishwa makasi. Nilichagua XP, mshono mfupi kabisa. Nikahakikisha sauti iko kwenye stirio ili pande zote mbili ziingie. Nikabonyeza kitufe cha kunakili, na kwa dakika arobaini na tano mimi na mama tulikaa tukiangalia taa nyekundu ikiwakawaka, tukiongea kwa kunong'ona ingawa mashine haikuwa inatusikia. Diski ilipotoka niliicheza palepale, ikacheza vizuri. Nikaikabidhi kwa kampuni ya vifurushi asubuhi yake, na alasiri dada akapiga simu.

"Hakuna kitu," akasema.

"Hakuna kitu namna gani?"

"Naweka, inazunguka, inaandika No Disc. Umenitumia diski tupu."

"Si tupu, nimeiangalia mwenyewe!"

"Basi macho yako yana DVD pleya tofauti na yangu."

Nusura nilie. Baada ya furaha yote hiyo! Nilikaa na kitabu tena, na daftari langu, nikapitia maneno moja moja mpaka nikalifikia moja ambalo nilikuwa nimeliruka kwa sababu lilionekana rahisi: "finalize". Nilikuwa nimeandika tu "kumaliza". Sasa nikasoma maelezo yote. Diski iliyorekodiwa inachezeka kwenye mashine iliyoirekodi, lakini mashine nyingine haziwezi kuisoma mpaka uifinalaizi, yaani mpaka mashine iandike mwanzoni mwa diski orodha ya vilivyomo na kuifunga. Bila hiyo orodha, pleya ya mtu mwingine inafika mlangoni, haioni chochote, inaondoka.

Jamani! Nilikuwa nimempelekea dada yangu gauni lenye pini, halijapigwa pindo.

Nilikuwa na diski moja iliyobaki. Nilinakili upya, nikaingia kwenye menyu, nikatafuta kwa jina, nikabonyeza. Skrini ikasema usizime umeme. Nilisimama karibu na soketi kama askari, asije mtu akauchomoa waya akitaka kuchaji simu. Ilipomaliza nilimpelekea fundi kwenye kibanda chake tuijaribu kwa pleya yake. Ikafunguka, ikaonyesha orodha, na fundi akanishika mkono kama mtu aliyeshinda mashindano.

Safari hii sikuituma. Jumapili baada ya ibada mimi na mama tulipanda gari tukateremka Mai Mahiu wenyewe, mama akiwa na mkoba miguuni na diski ndani yake, imefungwa kwa ile leso.

Dada ana redio kubwa kwenye kibanda, yenye spika mbili. Moja iko juu ya rafu ya vikombe, nyingine iko kando ya mlango. Alikuwa na pleya na skrini ndogo kwa ajili ya wateja kuangalia mpira. Nilikagua nyuma ya redio: waya mweupe umeingia, mwekundu umeingia. Sikuwa nimemwambia dada kuhusu baba. Nilimwambia tu kwamba sauti ni nzuri. Ilikuwa kama saa nane mchana, na madereva watatu walikuwa wakila chapati na maharagwe.

Kwaya ikaanza, kutoka rafuni. Dada akaacha kukanda unga, akatabasamu, akaanza kuimba sauti ya pili kama alivyokuwa akifanya utotoni. Wimbo wa kwanza ukaisha. Kimya.

Kho, kho, mlangoni.

Dada aligeuka mzimamzima, mikono imejaa unga, akatazama mlango. Kweli alitazama mlango, akitarajia mtu aingie.

"Boss, usihamishe kamera," baba akasema kutoka hapo.

Dada alitoa sauti ambayo sikuielewa. Kisha akasema, "Ni yeye! Ni yeye!" akakimbilia spika, akachuchumaa kando yake na kuweka sikio, unga ukipaka spika. Mama alikuwa amekaa katikati ya kibanda kwenye kiti cha plastiki. Sauti yake mwenyewe ilikuwa ikimjia kutoka rafuni, na ule mvumo wa besi ulikuwa ukimjia kutoka mlangoni, na mahali alipokaa ndipo zilipokutana. Sikuwa nimepanga hivyo. Hata sikuwa nimejua kwamba stirio ni hiyo. Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari, njia mbili za sauti, lakini nilikuwa sijawahi kukaa katikati yake. Mama alifumba macho. Mdomo wake ulikuwa ukienda na maneno bila kutoa sauti.

Dereva mmoja, mzee mwenye kofia ya manyoya, alikuwa ameacha kula.

"Mathe, huyo anaongea hapo ni nani?" akauliza kwa heshima.

"Ni bwanangu," mama akajibu bila kufumbua macho. "Anamsumbua mtu wa kamera. Alikuwa ameacha kazi ya watu akaja kunisikiza."

"Na huyo anaimba?"

"Ni mimi."

Yule mzee akavua kofia, akaiweka gotini.

Vigelegele vilipopigwa katika ukumbi ule, dada naye alipiga cha kwake, na madereva wakapiga makofi, na viatu vizito vikaondoka kupitia spika ya mlangoni kuelekea barabarani. Dada alilia, akacheka, akamwaga chai ya mtu, akamtengenezea nyingine. Alitaka turudishe. Nilimwonyesha kwamba hahitaji kurudisha kama kaseti; abonyeze tu, aende kwenye sura ya pili. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Nadhani tulikisikia kipande kile mara saba, na wateja wapya walioingia walielezwa na wale wa zamani.

Hatimaye hakuna aliyebonyeza kitu, na diski ikaendelea mbele hadi kwaya iliyofuata, ya kanisa jingine ambalo hatukuwahi kulijua, wenye mashati ya manjano. Sote tulikuwa tumechoka kwa furaha. Mama alikuwa amepewa chai na anaipuliza. Akasikiliza mistari miwili, akatikisa kichwa.

"Hawa wameanza juu sana," akasema. "Subirini, huyo wa mbele hatafika."

Tukasubiri. Hakufika.